Kishindo Huenda Chini

Juzi mtoto mmoja wa darasa langu aliniuliza kishindo ni nini. Nikamjibu kama kitabu kinavyosema, kwamba ni sauti nzito ya kitu kinachoanguka au kinachopigwa, naye akaridhika akakaa. Mimi ndiye sikuridhika. Nilimaliza kipindi nikibishana moyoni na mwanamke ambaye, kama angelisikia jibu lile, angenitoa mbele ya darasa, anivue viatu, anianzishe upya.

Kule Shinyalu nilikoolewa, wote walimwita Kukhu, yaani bibi, hata wale waliomkaribia kwa umri. Waliokaa mbali kidogo walisema Kukhu wa Sakafu, wasije wakamchanganya na bibi zao wenyewe. Kazi yake ilikuwa kushindilia sakafu za nyumba mpya. Wanaume wakishasimamisha nguzo na kuezeka, wanawake wakishakandika kuta, aliitwa yeye. Akaja na gogo lake la mti wa msituni, lenye mpini mrefu, amelilaza begani, akitembea polepole kama mtu aliyetoka mapema kwenda kanisani. Katika miaka ile ya kuelekea Uhuru na ile iliyofuata, sidhani upande wetu kulikuwa na mtu aliyelala juu ya udongo ambao Kukhu hakuupiga.

Mimi alinipigia sakafu nilipokuwa bi harusi. Nilikuwa mwalimu, mtoto wa Lurambi, nimekulia kwenye nyumba ya serikali yenye sakafu ya saruji. Udongo nilidhani unamwagwa, unakanyagwakanyagwa, basi, mambo yamekwisha. Kukhu aliagiza udongo wa kichuguu, akauchagua kwa vidole kama mtu anayechagua maharagwe, akatupa nje kila kokoto na kila mzizi. Kisha akanyunyiza maji na kuanza kwenye kona ya ndani kabisa, mahali kitanda kingekaa. Nilimuuliza kwa nini asianzie mlangoni penye mwanga.

"Hapo kwa kitanda ndiyo mtu anakuwanga mzito," akasema. "Akisimama, anajibeba. Akilala, nyumba ndiyo inambeba."

Alipiga akirudi nyuma, kuelekea mlangoni, ili asikanyage alipopita. Wanawake wengine walimfuata na magogo madogo, na waliimba, naye aliimba nao. Kila baada ya muda aliinua mkono, wote wakanyamaza, akaweka unyayo wake mtupu juu ya udongo, akapiga mara moja tu karibu na mguu, akasikiliza. Kisha akasema, "Bado," na kazi ikaanza tena. Mume wangu, ambaye alikuwa na haraka ya kuingiza meza aliyonunua mjini, aliniambia nje kwamba bibi huyu atatulaza uani mpaka Krismasi.

Kesho yake aliniita ndani. "Wewe mwalimu, vua viatu. Simama hapo. Funga macho."

Nikafunga. Akapiga hatua chache kutoka nilipo.

"Umesikia nini?"

"Kishindo," nikasema, nikijiona nimejibu vizuri.

"Hapana. Hiyo umesikia na masikio ni kelele ya mti. Ngoja."

Akapiga tena, na safari hii kitu kiligusa nyayo zangu, kizito, kifupi, bila mwangwi, kikapita chini yangu kikaenda zake. Nilifumbua macho. Kukhu alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike kwangu alikuwa anatabasamu.

"Hiyo," akasema. "Kelele inapandanga juu. Kishindo inaendanga chini. Sasa sakafu yako imekubali. Ambia bwana yako alete hiyo meza yake."

Hivyo ndivyo alivyoligawa neno lile, na hakumruhusu mtu kulitumia ovyo. Redio ya duka la sokoni ilipotangaza kwamba Uhuru umekuja kwa kishindo, na watu wamejaa barabarani na matawi mikononi, Kukhu aliyekuwa ananunua chumvi alimuuliza mwenye duka, "Kishindo gani? Mimi sijasikia kitu." Tulicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alisema amesikia kelele nzuri, kelele za furaha, na yeye pia amefurahi, ila kishindo angojee kwanza. Baadaye wanasiasa walipoanza kupita wakiomba kura na kuahidi kushinda kwa kishindo, aliwasikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kisha akatazama miguu yao. Mmoja alikuwa na viatu vyeupe. Kukhu alituambia njiani kwamba yule hata akianguka hatasikika.

Usidhani alikuwa mtu wa maneno makubwa. Mara nyingi alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa wa tumbo. Akimwona mume wangu amekaa mbele ya obusuma, yaani ugali, alimwambia, "Shindilia, baba, shindilia, lakini acha nafasi ya mboga, usijenge nyumba nzima." Alivuta ugoro kwa siri ingawa kanisa lake lilikataza, na sisi sote tulijua siri hiyo kwa sababu alikuwa akipiga chafya katikati ya sala. Ukimuuliza umri wake alikutajia mwaka unaomfaa siku hiyo.

Kwa mtu aliyeishi kwa kupiga, hakuvumilia kuona kitu chenye uhai kikipigwa. Nilimwona akimnyang'anya jirani fimbo njiani, jirani mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa akimchapa ng'ombe aliyegoma kupanda kilima. "Piga kitu inakuwanga nzuri ikipigwa," akamwambia, akaitupa ile fimbo kwenye majani ya chai. Mimi, nikiwa mwalimu wa enzi zile za kiboko, nilitazama pembeni. Sina hakika kama alinisema mimi pia. Kwa kumjua, nadhani alinisema.

Jambo lililonishangaza zaidi ni nyumba yake mwenyewe. Sakafu aliyolala juu yake ilikuwa na mashimo kama njia ya ng'ombe. Kuku walitaga humo. Mguu wa kitanda ulikuwa umewekewa kigae ili kisiyumbe. Wageni walipoona, waliona aibu kwa niaba yake, na yeye hakuona aibu yoyote. Nguvu zake zote za nyumbani zilikwenda kwenye nyumba nyingine, ile ndogo iliyosimama kwenye lango la boma, ambayo hakuna mtu aliyelala ndani yake.

Ilikuwa simba, kama tunavyokiita kibanda anachojijengea kijana anapokuwa mwanamume. Mwanawe wa kwanza aliijenga, akaezeka, akakandika, na kabla ya sakafu kupigwa akachukuliwa kwenda vita vya Wazungu, mpaka Bama, ng'ambo ya bahari. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao makubwa. Walimwambia Kukhu kwamba mara ya mwisho walimwona akivuka mto na mizigo, mvua ikinyesha, na hapo hadithi yao iliishia. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyemzika. Kabla ya hapo Kukhu alikuwa mwanamke kama wengine, anayelima na kuuza ndizi. Alianza kushindilia kwenye nyumba ile, ili kijana akirudi apate mahali palipokamilika, na watu walipoiona sakafu ile ndipo wakaanza kumwita kwao. Ufundi wake wote ulitoka kwenye kungoja kule.

Kila kiangazi aliipiga upya. Siku hiyo hakuita mtu wala hakuimba. Boma letu lilipakana na lake, na nilikuwa nikifua nje nikasikia pigo, kimya, pigo, kimya, mpaka jua linapinda. Jina la yule kijana halikutajwa bomani. Hakulikataza, ila yeye mwenyewe hakulitamka, na sisi tukamfuata. Mtu akimuuliza habari zake, alijibu lile neno lake la kazini: "Bado." Kanisani, sala ya marehemu ilipofika, aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye jua mpaka iishe.

Nilimwonea uchungu. Tena nilimkasirikia kidogo, kwa sababu alikuwa na mwana mwingine, aliye hai, anayekula mezani kwake, na mwana huyo alikuwa kama mgeni katika boma la kaka ambaye hayupo.

Mwana huyo wa pili alikuwa mtu mpole, baba wa mabinti, mwenye kipande cha shamba kisichotosha hata kugeuza jembe. Basi mashamba ya Wazungu kule Lugari yakaanza kugawiwa wananchi, naye akapata eneo kwenye skimu ya makazi, upande wa Mautuma, ardhi ya mahindi, tambarare, nyeusi. Alirudi nyumbani na udongo wake ndani ya leso ili mama yake auone. Kukhu aliuponda kidoleni, akaunusa. "Hii itakubali," akasema. Kwa siku chache tulidhani atakwenda.

Lakini hakuwa tayari kwenda na kuiacha ile nyumba ya langoni ianguke yenyewe, kwa maana hakuna jambo linalotisha kwetu kama nyumba ya mtu aliye hai kuachwa ianguke. Wazee wa ukoo wakasema njia ipo, tena ni ya siku nyingi. Mtu aliyepotelea mbali huzikwa kwa shina la mgomba. Shina linavikwa shuka, linawekwa kaburini mahali pake, udongo unarudishwa, na mambo yake hapa yanakwisha. Baada ya hapo mama ni huru kuhama. Kukhu aliwasikiliza, akawapa chai, akawaambia bado.

Hapo ndipo mwana wa pili alipokosea. Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia, na eneo lisipolimwa lingeweza kupewa mtu mwingine. Akaona akimtangulia mama yake kidogo, mama atamfuata. Asubuhi moja alikata mgomba, akalipima shina lake kwa urefu wa mtu, akaliviringisha kwenye shuka jipya na kulilaza barazani. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba shina likishakatwa na kuvikwa haliwezi kurudishwa shambani. Alitaka kumfungia mama yake njia zote isipokuwa moja.

Nilikuwepo, nimepeleka maziwa. Kukhu alitoka chumbani, akaliona, akasimama. Alitazama lile shuka kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa uso wa mama anayetazama maiti ya mwanawe. Sitaki kuusema vingine. Kisha akamgeukia mwana wa pili.

"Nani alikuambia amekufa?"

"Mama, hakuna mtu aliniambia. Lakini miaka imeenda. Mimi pia ni mtoto yako."

"Najua wewe ni mtoto yangu," akasema. "Reta panga."

Akalivua shuka, akalikunja vizuri, akampa mke wa mwana huyo. Kisha akaketi barazani, akalikata shina vipande vipande, akampelekea ng'ombe wake. Ng'ombe alikula. Mwana wa pili alisimama akitazama mpaka kipande cha mwisho, machozi yanamtoka, na baada ya wiki hiyo alipakia mke na mabinti na mabati juu ya lori, akaenda Mautuma bila mama. Kukhu hakumfukuza wala hakumbembeleza. Alisimama langoni, mlangoni pa ile simba, mpaka lori likapotea.

Tulidhani imekwisha hivyo. Aliendelea na kazi yake, ila alianza kuzeeka haraka. Gogo alilibeba kwa mikono miwili badala ya begani. Siku moja nilimkuta amekaa katikati ya kazi, kwenye nyumba ya watu, wanawake wengine wakiendelea, na hilo halikuwahi kutokea.

Kule Mautuma alizaliwa mtoto wa kiume. Habari zilifika kwamba mtoto analia usiku na mchana. Kwetu mtoto mchanga akilia hivyo, bila homa wala njaa, wanajua anakataa jina. Watoto hupewa majina ya waliokufa, na wazee huyataja moja moja mpaka anyamaze. Walitaja jina la mume wa Kukhu, mtoto akalia. Wakataja la babu, la mjomba aliyeanguka mtini, wote waliolala kaburini. Akazidi kulia, akakataa hata ziwa. Lilibaki jina moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja, kwa kuwa kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumwombea mmoja wao kifo. Na kwa neno la Kukhu, mwenye jina lile alikuwa bado.

Mwana wa pili alikuja mwenyewe kumweleza. Hakumwomba kitu. Baada ya lile jambo la mgomba hakuthubutu kuomba. Alikaa kwenye kigoda, akasema tu kwamba mtoto anakonda. Kukhu aliniita kupitia ua nije nikae nao, nadhani alitaka awepo mtu.

Aliuliza, "Anaria namna gani?"

"Kama mtu anaita, mama."

Kukhu akainuka, akaenda kwenye simba, nasi tukasikia pigo moja. Kisha kimya. Kisha pigo lingine. Aliporudi alisimama mlangoni, akashika kizingiti.

"Mchwa wameingia chini," akasema. "Nilisikia tangu mwaka jana, nikanyamaza. Sakafu inalia kama mtungi mtupu." Akamtazama mwanawe. "Jina ya huyo mtoto, ni mimi nimeikalia. Enda ukate mgomba."

Walimzika, naweza kusema hivyo, siku mtoto na mama yake walipofika kutoka Mautuma. Shuka lilikuwa lilelile, mke wa mwana wa pili alikuwa amelitunza. Hapakuwa na watu wengi. Wazee walifanya yao kwa haraka, kama inavyotakiwa, wanaume wakaanza kurudisha udongo. Ulipofika usawa wa magoti Kukhu akaja na gogo.

"Mama, hii si kazi yako," mzee mmoja akasema kwa upole. "Mama hapigi kaburi ya mtoto."

"Nyumba zote za hapa ni nani alipiga?"

Mzee akasogea.

Alipiga akianzia upande wa kichwa, akirudi nyuma. Mikono ilikuwa imekwisha nguvu, na mara mbili mwana wa pili alinyoosha mkono amsaidie, akakataa. Mtoto alikuwa analia mgongoni mwa mama yake kwa sauti ile nyembamba iliyochoka. Kukhu aliongezewa udongo, akapiga. Aliongezewa, akapiga. Mwishowe alivua kandambili zake, akaweka unyayo, akapiga mara moja karibu na mguu. Nilikuwa nimesimama kando, na viatu vyangu nilikuwa nimevivua bila kujua ni lini. Nikakisikia kishindo kikipita chini.

"Imekubali," akasema. Hakulia hapo, alilia baadaye, siku nyingi. Akamgeukia mke wa mwanawe. "Haya. Mwite."

Yule mama alimteremsha mtoto kutoka mgongoni, akamwita. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, na wengi wetu tulikuwa tunalisikia bomani pale kwa mara ya kwanza. Mtoto aliendelea kulia kidogo, akashika ziwa.

Kukhu alihamia Mautuma, na gogo lake juu ya lori. Simba ilianguka wakati wa mvua, na hakuna aliyeisimamisha.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka kadhaa baadaye, mimi na mume wangu tulipokwenda Lugari kwenye harusi tukapitia kwao. Mahindi yalikuwa yamezunguka nyumba mpaka madirishani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, macho yamefifia, miguu mitupu juu ya sakafu ambayo, niliambiwa, aliipiga mwenyewe, ya mwisho. Hata mahali alipokuwa akilala palikuwa laini, bila shimo hata moja. Alinijua kwa hatua kabla sijasema neno.

"Mwalimu," akasema. "Siku hizi unatembea na kisigino. Umenenepa."

Tuliongea habari za Shinyalu, nani amejenga, nani amekufa. Nilimweleza kwamba bado nafundisha Kiswahili, na kwamba nikifika kwenye neno lake, kishindo, huwa natabasamu. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jirani amefaulu mtihani. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, akaita jina lile, kwa sauti kubwa iliyonyooka, jina la mwanawe.

Nami nikageuka, nikatazama mlangoni.

"Naam, Kukhu," ikajibu sauti kutoka kwenye mahindi.

Nikasikia miguu ikikimbia, kwanza kwa masikio, halafu kwa nyayo, ilipovuka kizingiti na kuingia sakafuni. Alikuwa mvulana mwembamba, amepakaa udongo mpaka magotini, anahema. Akasimama mbele ya bibi yake akingoja kutumwa.

"Sina kazi na wewe," Kukhu akamwambia. "Nilikuwa nakuita tu. Rudi ucheze."